Betri ya Lori na Darasa la Mama

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko na kwa makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la nane, na hata wakati ule mwalimu wetu alisema maandishi yangu ni kama nyayo za kuku aliyefungwa mguu kwa kamba. R na l zangu hubadilishana viti bila kuniuliza. Tena naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia jioni nzima, na nikikosea sifuti, nakata mstari naendelea. Mkifika mahali pamekatwakatwa, jueni hapo nilikuwa nafikiri.

Nataka kuandika juu ya betri. Najua si kitu ambacho watu huandika habari zake, lakini kila nikikumbuka nyumbani kwetu kabla mambo hayajabadilika, naiona betri kwanza, halafu uso wa mama, halafu wengine.

Kwetu ni upande wa Mwala, ambako mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Baba alifanya kazi Mlolongo, kupakia mawe kwenye malori ya machimbo, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tuliobaki tulikuwa mama, mimi, wadogo zangu wawili na susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Susu, mama yake baba, macho yalikuwa yamepofuka kabisa. Alimjua kila mtu kwa kikohozi na kwa mwendo. Hakuweza kuachwa peke yake hata kidogo, maana aliwahi kutoka akaingia kwenye ua wa miiba, akakaa humo bila kupiga kelele eti asitusumbue.

Mama hakuwa amekwenda shule. Alikuwa anajua kuhesabu mbuzi, watu na mitungi ya maji haraka kuliko mimi, lakini barua ya baba ikifika ilibidi niisome mimi. Na mimi nilikuwa na haya, hata mbele ya mama yangu. Nikifika mahali baba ameandika neno la upendo, nilikuwa nalimeza na kuruka mstari. Mama alikuwa anajua. Alikuwa ananitazama tu, anasema, "Hapo umeruka kitu."

Darasa la ngumbaru, yaani la watu wazima wasiojua kusoma, lilipoanza kijijini, mama alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Lilikuwa la jioni, kwa sababu mchana wanawake wote wako mtoni, shambani au nyuma ya mbuzi. Na lilikaa sebuleni kwetu kwa sababu ya susu. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, wakaketi kwenye mikeka na viti vya kuazima, na katikati mama akaweka koroboi mbili za mafuta taa. Moshi wake ulikuwa mwingi kuliko mwanga. Asubuhi ungeweza kuwatambua wanafunzi wa ngumbaru njiani kwa pua zao nyeusi.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mpole, ameolewa boma la pili kutoka kwetu. Jioni moja, wakati wengine wanafunga leso zao kuondoka, alimwambia mama, "Mwaitu, mama yangu, usinikasirikie. Macho yao yanatoka machozi, hawaoni ubao. Mtihani ni katikati ya baridi. Tusipopata mwanga mzuri nitalihamisha darasa sokoni, kwenye shule. Kule kuna stima."

"Na mimi?" mama akauliza.

Mwalimu alimtazama susu aliyekuwa amelala usingizi wa kukaa.

Sokoni ni mbali, na njia ya jioni ni ya fisi. Sote tulielewa kwamba darasa likihamia huko, mama atakuwa ameacha. Wakati huo alikuwa amefika kwenye kuunganisha silabi. Alikuwa anaweza kusoma "mama" na "maji" na "mbuzi," lakini jina la baba lilikuwa bado linamshinda.

Habari zilimfikia baba Mlolongo kwa mdomo, kupitia utingo mmoja wa lori, mtu wa kwetu. Baba hakujibu kwa barua. Mwisho wa mwezi tulimwona anakuja amebeba sola imefungwa kwa blanketi, kama mtoto mgonjwa. Nyuma yake ulikuja mkokoteni wa punda, na ndani ya mkokoteni kulikuwa na betri.

Sijui nitawaambia vipi ukubwa wake. Wanaume wawili waliishusha kwa kuhesabiana, "moja, mbili, inua!" Ilikuwa nyeusi, pembe moja imemeguka, na vichwa vyake vya madini ya risasi vinene kama vidole gumba vya baba. Mwenye lori moja pale Mlolongo alimpa baada ya kununua mpya, na baba akaipeleka gereji ikachajiwa siku nzima. Majirani walikuja kuitazama kabla hata baba hajanawa uso.

"Aiya! Hii ni betri ama ni jeneza?" aliuliza mama mmoja wa ngumbaru, yule mcheshi kuliko wote.

"Cheka tu," baba akasema. "Hii imesukuma lori ya mawe kupanda milima. Itashindwa na taa tatu?"

Hata mimi niliona ni kweli kabisa.

Susu aliomba aongozwe hadi hapo ilipo. Aliipapasa juu, akaipapasa ubavuni. "Ina pumzi?" akauliza.

"Ina nguvu, mama," baba akamwambia.

"Sikuuliza nguvu."

Jioni ile fundi mmoja wa kijijini alimaliza kufunga waya na taa, baba akamwita mama aje abonyeze swichi mwenyewe. Taa ilipepesa mara mbili, ikashika. Mwanga ulikuwa mweupe kama maziwa, na tukaona vitu ambavyo hatukuwa tunaviona jioni: utando wa buibui juu ya kalenda, kiraka kwenye sketi yangu, nywele nyeupe chache za mama pembeni mwa sikio. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Wadogo zangu walikimbia nje kutazama dirisha letu kutoka gizani, wakarudi, wakakimbia tena.

Darasa lilinoga. Hata wale waliokuwa wameacha walirudi, na mwalimu hakutaja tena shule ya sokoni. Mimi nilipewa kazi ya kufuta ubao, kazi niliyoipenda kwa sababu unaifanya ukiwa umewapa watu mgongo.

Halafu taa zikaanza kubadilika rangi. Zikawa na rangi ya chai ya maziwa, halafu ya chai kavu, na jioni moja katikati ya imla zikazimika zote tatu pamoja. Yule mama mcheshi akasema, "Lori imekwama mlimani." Walicheka, lakini mama hakucheka. Alinyanyuka kutafuta koroboi, na nilimsikia akipapasa kama susu.

Ushauri ulikuja kutoka kila boma. Wengine walisema betri ikikaa kwenye simiti inanyonywa na ardhi, tukaiinua tukaiweka juu ya ubao wa mti. Wengine walisema sola ina vumbi, nikapanda juu ya paa kuifuta kila asubuhi. Jua lilikuwa linawaka vizuri, lakini jioni taa zilishika kwa muda wa kula tu, zikalala. Mwalimu alivumilia. Aliandika kwa herufi kubwa zaidi. Lakini siku moja alisema kwa sauti ya chini kwamba amekwenda kutazama chumba kule shuleni.

Baba alipokuja alikasirika. "Ni sola! Wameniuzia kioo kitupu."

"Basi turudi kwa aliyekuuzia," mama akasema. "Na huyu aende na sisi. Anajua hesabu za kuandika."

Huyu ni mimi. Usiku huo nililala nikinong'ona jedwali la hesabu, kwa woga wa kwenda kusema mbele ya watu.

Kesho yake jirani mmoja alikaa na susu, tukaenda. Duka lilikuwa mjini Machakos, la mfanyabiashara mmoja Msomali, mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizotiwa hina. Alitoka na sola yetu barabarani, akaielekeza juani, akaigusa kwa waya za kipimo chake. "Hii ni nzima, mzee. Iko sawa kama siku niliyokupa. Betri yako ni gani?"

Baba akanyoosha mgongo, akamwelezea. Lori ya mawe, milima, vichwa vya risasi, wanaume wawili kuibeba.

Yule mtu alijaribu kutocheka. Alijaribu sana. "Mzee, lori inajaza betri yake kwa injini. Injini yako wewe ni hii?" Akaigonga sola kwa ukucha. "Huyu ni mbuzi wa kikombe kimoja cha maziwa. Wewe umempa pipa alijaze, tena pipa kuukuu, linavuja."

Mama akasema, "Nilijua tangu ile siku ya mkokoteni. Vitu vya huyu mume wangu lazima vibebwe na punda."

Sasa wote wakacheka, hata baba kidogo, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomzuia asiondoke.

"Tuhesabu," mwenye duka akasema. "Betri hainunuliwi kwa macho. Nani ataandika?" Mama alinisukuma kwa kiwiko. Nilipewa kalamu na kipande cha boksi. "Taa zenu ni wati nane kila moja. Ziko tatu. Zinawaka saa ngapi kwa jioni?"

"Saa mbili za darasa," mama akasema, "na moja ya kupika na kumlaza mama mkwe."

"Haya, binti. Nane mara tatu?"

"Ishirini na nne," nikasema.

"Sema tusikie, hesabu si siri! Mara saa tatu?"

"Sabini na mbili."

"Gawanya kwa kumi na mbili, kwa sababu betri ni ya volti kumi na mbili."

"Sita."

"Sita. Hizo ndizo ampia mnazokunywa kila jioni." Akanionyesha na upande wa pili. Sola ni ya wati ishirini, jua zuri la kwetu ni kama saa tano, hiyo ni mia moja, nayo ukigawanya kwa kumi na mbili unapata nane na kidogo, na hicho kidogo na zaidi hupotea njiani. "Kwa hivyo jua likiwaka, mnarudisha mlichokunywa, na tone moja juu."

Baba aliinama juu ya boksi langu. "Kumbe betri ya ampia sita inatosha?"

"Na Julai?" mama akauliza.

Mwenye duka akageuka kumtazama.

Anayejua Machakos anajua Julai. Mawingu hushuka mpaka kwenye vilima, manyunyu hayaishi, na watu hutembea wamejifunga shuka kichwani. Jua linakuwepo kama mgeni anayepita bila kuketi.

"Hilo ndilo swali nilikuwa nangoja," akasema. "Kwenu mawingu hukaa siku ngapi bila jua?"

"Mbili," baba akasema.

"Nne," mama akasema. "Wewe uko Mlolongo. Mimi ndiye naanika mbaazi. Siku ya nne ndiyo zinaanza kuota ukungu, na ya tano jua linatoka."

Niliandika sita mara nne. Ishirini na nne. Baba akaanza kutafuta kwenye rafu betri iliyoandikwa hivyo.

"Ngoja, mzee. Betri hii ukiikausha mpaka chini, unaiua. Ile ya lori mmekuwa mkiikausha kila siku."

"Kama shimo la mtoni," mama akasema.

Hapo alimweleza, na mimi nilishangaa, kwa sababu sikuwahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo na mgeni. Sisi tunachota maji kwenye mchanga. Unachimba shimo, maji yanajitokeza polepole, unachota kwa kibuyu. Ukiwa na tamaa ukachota mpaka chini, unapata tope, kingo zinaanguka, na aliye nyuma yako kwenye foleni hapati kitu. Kwa hivyo mtoni kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: maji yakifika nusu, unaacha, unasogea, unapiga hadithi, unangoja yapande. Mwanamke anayechota mpaka chini hasemwi mbele yake, lakini hakuna atakayemtwisha mtungi kichwani.

"Basi mama umemaliza," mwenye duka akasema. "Hesabu ya mawingu, kisha nusu ya kuachwa."

"Zidisha mara mbili," mama akaniambia.

Arobaini na nane. Alikuwa na ya hamsini. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani ni ya pikipiki.

Dukani hapo walipokea betri kuukuu kwa sababu ya risasi iliyo ndani. Tukaambiwa kwamba tukileta ile ya lori, na mama akaongeza kitu juu, hii ndogo ni yetu. Mama akasema ataongeza mbuzi wake, yule mweusi na mwanawe. Baba ndiye aliyechelewa kujibu. Alikuwa ameishika ile betri ndogo kwa mkono mmoja, anaipima uzito wake, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa zawadi aliyoileta.

"Nitawaambia nini watu wa Mlolongo?" akasema. "Waliniona nikiipakia."

"Waambie mke wako anasoma," mama akasema.

Wiki iliyofuata mkokoteni wa punda ulirudi kuichukua ile kubwa. Majirani walipoona ile ndogo imewekwa mahali pake, juu ya ule ule ubao wa mti, yule mama mcheshi hakuweza kujizuia. "Kumbe ilikuwa na mimba! Imezaa ikaenda zake!"

Kuanzia hapo mama ndiye aliyemiliki swichi. Saa tatu zikiisha, zimeisha, hata kama kijiko kiko njiani kwenda mdomoni. Mtu mmoja alikuja na redio yake kuomba waya, mama akampa chai na kumwambia, "Hiyo haikuwa kwenye boksi." Jioni za jua zilipita, taa ni nyeupe, darasa limejaa. Walifika kwenye sentensi.

Julai ikaja na mawingu yake. Jioni ya kwanza hatukujali. Ya pili mama alianza kutoka nje kila mara kutazama juu. Ya tatu, ya nne, taa zilikuwa bado nyeupe, na mimi nilikuwa najisikia kama mtu aliyejenga nyumba. Lakini siku ya tano jua halikutoka. Mbaazi ziliota ukungu, na wingu likakaa pale pale. Na jioni hiyo ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya mtihani.

Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini, yuko nyumbani. "Washa zote," akasema. "Si nusu nzima imebaki huko chini?"

"Hiyo ya chini si yetu," mama akasema.

Aliwasha moja tu, kwa lile tone lililobaki juu ya nusu. Akawaambia wanawake wasogee. Walisogea mpaka magoti yakagusana, watoto wakapitishwa nyuma kwangu na kwa baba, na susu akavutwa na kiti chake mpaka katikati, ingawa kwake taa moja na taa tatu ni sawa. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Ndani kulikuwa na harufu ya leso zenye unyevu, na ya mbaazi zilizoanikwa juu ya meko. Mwalimu akasema kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe, isiyotoka kwenye kitabu, aisome kwa sauti.

Walisoma mmoja mmoja. Zamu ya mama ilipofika alishika daftari mbali kidogo na uso, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, halafu akakiondoa.

"Mume wangu," akasoma, "alileta betri kubwa."

Nyumba ilianguka kwa kicheko. Susu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Baba alicheka akiwa ameinamisha kichwa, mtoto wa watu amelala kifuani kwake, na nilimwona akijifuta jicho kwa bega. Mama alingoja wanyamaze. Sentensi ilikuwa bado haijaisha.

"Kwa sababu ananipenda," akasoma.

Lile ndilo neno ambalo mimi nilikuwa nikiliruka.

Mtihani walifanya, mama akapita, na darasa halikuhama. Betri ile ilituwakia miaka kadhaa, mpaka ikazeeka kwa haki yake. Susu hayupo tena. Mgongo wa baba ulikataa mawe, akarudi nyumbani, na sasa ana simu ya mkono ambayo huipeleka sokoni kuchajiwa. Nguzo za stima zimefika kwenye soko, wanasema zitafika na kwetu. Ule ubao uliokaliwa na betri mama ameutilia miguu, ndio kiti chake cha kukamulia mbuzi. Wakati mwingine jioni ya mawingu najikuta nahesabu, nane mara tatu, bila sababu.

Nimechukua karibu Julai hii nzima kuandika haya, na mama ameyasoma kabla yenu. Amesema kuna mahali nimeruka kitu, nikarudi nikaongeza. Kama na nyinyi mlikuwa na taa ya aina hiyo nyumbani, au betri iliyowashinda, tafadhali niandikieni. Andikeni kwa herufi kubwa kidogo. Siku hizi barua zikifika hapa anayezisoma kwa sauti ni mama, na yeye haruki kitu.